Kiti cha Abiria si Akiba ya Shirika

Jioni ya Jumapili, tarehe 9 Aprili, 2017, abiria wa ndege iliyokuwa ikitoka Chicago kwenda Louisville, nchini Marekani, walikuwa wamekwisha kuketi walipoambiwa kwamba wanne miongoni mwao hawana budi kuteremka. Ndege haikuwa mbovu, wala abiria hao hawakuwa na kosa lolote. Wafanyakazi wanne walikuwa wamefika mlangoni dakika za mwisho, nao walitakiwa wawahi Louisville kwa ajili ya kazi ya siku iliyofuata. Shirika la United, ambalo ndege hiyo ilisafiri kwa jina lake, lilitangaza hati za usafiri za dola 400, kisha 800, kwa yeyote atakayejitolea kubaki. Hakutokea mtu. Ndipo majina manne yakachaguliwa. Watatu waliteremka. Wa nne, daktari mwenye umri wa miaka 69, alikataa, akisema kwamba ana wagonjwa wanaomngojea kesho yake. Askari wa usalama wa uwanja walimng'oa kitini na kumburura sakafuni mbele ya wasafiri wenzake. Alivunjika pua, akapoteza meno mawili.

Mkuu wa shirika hilo, Oscar Munoz, katika taarifa yake ya kwanza aliomba radhi kwa kulazimika kuwatafutia wateja hao nafasi nyingine. Lugha ya namna hiyo watumishi wa umma wanaifahamu vema: mtu ameburutwa, barua inasema amehamishwa. Baadaye ilidhihirika kwamba ndege ile haikuwa hata imeuziwa tiketi kuzidi viti. Ilikuwa imejaa tu, kama kila shirika linavyotamani ndege zake zijae.

Kisa hicho kilisikika dunia nzima kwa kuwa abiria walikipiga picha. Lakini lipo jambo linalofanana nalo ambalo hutendeka kimya kimya, bila damu wala picha, na kwa sababu hiyo halina mtetezi. Abiria hulipa nyongeza, au hutoa pointi alizojiwekea kwa safari za miaka kadhaa, ili apandishwe kutoka daraja la kawaida hadi daraja la juu. Shirika humthibitishia, na namba ya kiti huandikwa. Siku ya safari, akiwa kwenye kaunta au mlangoni mwa ndege, hukabidhiwa hati mpya yenye kiti cha nyuma. Kiti chake kimepewa rubani anayesafirishwa kwenda kituo chake cha kazi. Mwalimu yeyote anayejua thamani ya barua ya kupandishwa daraja hahitaji kuelezwa uchungu wa kurudishwa chini baada ya kuipokea.

Hapa pana hatari ya kukosea shabaha. Wapo wanaowageukia marubani na wahudumu kwa hasira, wakiwaita wenye makuu. Shutuma hiyo si ya haki. Rubani anayesafirishwa kama abiria yuko kazini. Kanuni za Marekani za uchovu wa marubani, zilizoanza kutumika mwaka 2014, zinatamka wazi kwamba muda wa kusafirishwa hivyo ni kazi wala si mapumziko, na kwamba kabla ya zamu rubani apate saa 10 za kupumzika, zikiwamo saa 8 za nafasi ya kulala bila kukatizwa. Katika safari ndefu zenye marubani zaidi ya wawili, baadhi ya ndege hutenga kiti cha kulalia ndani ya chumba cha abiria ili rubani aliye mapumzikoni apate usingizi kabla ya kurudi usukani. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetaka kiti hicho kwa gharama ya kurushwa na rubani anayesinzia. Na pale chama cha marubani kinapodai, katika mkataba wake na mwajiri, kwamba wanachama wake wasafirishwe katika daraja la juu kwenye safari ndefu, kinafanya kazi yake halali ya kutetea maslahi ya wafanyakazi.

Swali ni nani anayelipa gharama ya haki hiyo. Mwajiri ametia sahihi mkataba, naye anajua ratiba ya marubani wake. Angeweza kutenga kiti mapema na asikiuze. Lakini kiti kisichouzwa ni fedha iliyopotea, na bepari haikubali hasara hiyo. Basi hukiuza kiti kwa abiria, hupokea fedha yake au hufuta pointi zake, kisha hukitoa tena kwa rubani kutimiza mkataba. Kitu kimoja kimelipia madeni mawili. Mfanyakazi na abiria hutazamana kwa chuki, na aliyewagonganisha hayumo ndani ya ndege.

Hata namna ya kumchagua wa kutolewa ina ubaguzi wake. Mashirika makubwa ya Marekani hutazama aina ya nauli, uanachama katika mpango wa wasafiri wa mara kwa mara, na saa mtu aliyojiandikisha kwa safari. Kwa maneno mengine, aliyelipa kidogo na asiye na kadi ya heshima ndiye wa kwanza kuinuliwa. Mtu aliyejinyima ili asafiri mara moja hutangulia kuteremka kabla ya tajiri anayesafiri kila wiki.

Si jambo jipya. Mwaka 1972 Ralph Nader, mtetezi maarufu wa walaji nchini Marekani, alinyimwa nafasi katika ndege ya shirika la Allegheny kwenda Hartford ingawa kiti chake kilikuwa kimethibitishwa. Alishitaki, na mwaka 1976 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba anayo haki ya kuendelea na madai yake mahakamani. Mwaka 1978 wasimamizi wa usafiri wa anga wakaamuru kwamba ndege ikiwa na abiria kuzidi viti, kwanza waombwe wa kujitolea. Yaani ilihitajika kesi ili shirika lijifunze kuuliza.

Lakini kanuni hizo za fidia zinamlinda aliyeachwa uwanjani. Aliyesafirishwa katika daraja la chini kuliko alilolipia anastahili kurudishiwa tofauti ya nauli tu. Kwa aliyetumia pointi, tofauti hiyo huhesabiwa na nani? Huhesabiwa na shirika lenyewe lililomnyang'anya. Nchi za Umoja wa Ulaya zimefanya vizuri zaidi. Kanuni yao namba 261 ya mwaka 2004 inamtaka anayemshusha abiria daraja amrudishie asilimia 30, 50 au 75 ya bei ya tiketi, kwa kadiri ya urefu wa safari. Malipo ya namna hiyo humfanya meneja afikiri mara mbili kabla ya kugusa kiti cha mtu.

Ukweli ni kwamba dawa haikuwa ngumu. Baada ya aibu ya Chicago, United ilipandisha kiwango cha juu cha malipo kwa wanaojitolea hadi dola 10,000, na ikaagiza wafanyakazi wanaosafirishwa waandikishwe dakika 60 au zaidi kabla ya ndege kuondoka. Mwaka 2018 sheria ya Marekani ikapiga marufuku kumteremsha kwa nguvu, kwa sababu ya uhaba wa viti, abiria aliyekwisha kupanda. Kutoka Chicago hadi Louisville ni mwendo wa kiasi cha saa tano kwa gari. Wafanyakazi wanne wangeweza kupelekwa kwa basi dogo usiku ule ule.

Kwa Tanzania jambo hili halistahili kutazamwa kama sinema ya ng'ambo. Tangu mwaka 2016 Serikali imenunua ndege kwa fedha ya umma, na kupitia Wakala wa Ndege za Serikali zikakodishwa kwa shirika la taifa. Abiria Mtanzania anapoketi humo ni mteja na pia ni mmoja wa wenye mali. Wakati safari ndefu zinapoongezeka, na marubani pamoja na wahudumu wakistahili kusafirishwa kwa heshima, utaratibu uwekwe sasa: viti vya wafanyakazi vitengwe kabla tiketi hazijauzwa. Ikitokea dharura, kiti kinunuliwe kwa aliyekishika, kwa bei anayoikubali yeye. Na masharti hayo yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka, yabandikwe penye kaunta ambapo abiria husimama na mizigo yake.