Korosho, Jeshi na Kangomba

Oktoba 2018 wakulima wa korosho wa Tandahimba na Newala, mkoani Mtwara, walifanya jambo ambalo mpenda soko huria angelipigia makofi: waliisikia bei ya mnadani, chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, wakasema hatuuzi. Mali yao, uamuzi wao. Novemba Rais Magufuli akawafungia mlango wanunuzi binafsi, akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300, na Jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Tulishangilia, mimi nikiwamo. Uzalendo wenye bei nzuri ni mtamu. Kisha ukaja uhakiki: mwenye zaidi ya kilo 1,500 aonyeshe shamba lake. Hapo mnunuzi wa kangomba, anayechukua korosho ya jirani mwenye shida kabla hata ya msimu, akageuka mhujumu. Sipendi bei yake ya kunyonya, lakini mzazi anayedaiwa ada hana benki nyingine ya kugonga. Wengi walisubiri malipo kwa miezi. Msimu uliofuata minada ikarudi, na wanunuzi binafsi nao, na sikusikia jukwaani mtu akieleza ni itikadi ipi iliyowarudisha.