Fizikia Isiishie Kwenye Silikoni

Mwanafunzi wa Webuye, Bungoma au Kitale humaliza shule ya upili akijua kwamba nusu-kipitishi ni silikoni. Jibu hilo litampa alama, lakini naona halimtoshi. Tangu mwaka 1977, Heeger, MacDiarmid na Shirakawa walipoonyesha kwamba plastiki yaweza kupitisha umeme, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2000, kaboni nayo imeingia katika ukoo huo.

Kikwazo ni mwendo wa chaji. Katika silikoni, atomi zimefungamana imara, na elektroni hupita kwa wepesi. Katika nusu-kipitishi cha kaboni, molekuli zimeshikana kwa unyonge, na chaji huruka kutoka moja hadi nyingine, mfano wa mtu avukaye Mto Nzoia kwa kukanyaga mawe. Mawe yakikaribiana, atavuka upesi, yakitawanyika, atakwama. Ndiyo sababu watafiti huzipanga molekuli zielekee upande mmoja, huondoa uchafu unaonasa chaji, na huulainisha uso wa kihami.

Juhudi hizo zimezaa matunda. Transista ya polima iliyoundwa Japani mwaka 1986 ilikuwa na mwendo wa takriban 0.00001, kwa kipimo cha sentimita mraba kwa volti kwa sekunde. Leo zipo transista za kaboni zinazofikia 10, yaani mara milioni moja. Silikoni ingali mbele, kwa takriban 1,400. Lakini kaboni yaweza kuchapishwa kama wino juu ya plastiki, hata juu ya karatasi.

Karatasi Webuye inaijua. Kiwanda cha Pan Paper kilianza uzalishaji mwaka 1974, kikafungwa mwaka 2009, na mji mzima ukaumia. Sidai kwamba transista zingekiokoa. Nasema tu kwamba anayejua bidhaa yake kwa matumizi mamoja hana pa kukimbilia soko linapogeuka.

Mwalimu wa kemia hufundisha vifungo vya kaboni bila kutaja umeme. Wa fizikia hufundisha umeme bila kutaja kaboni. Nawasihi wakutane, japo kwa kipindi kimoja. Navyo vyuo vikuu vya Kibabii na Masinde Muliro viwafungulie wanafunzi hao maabara. Elimu isiyovuka mpaka wa somo moja itatuacha wanunuzi wa milele.