Bondi ya maji: Uliza nani analipwa kwanza

Ukiona tangazo la bondi kwenye simu, jicho hukimbilia wapi? Kwa riba, bila shaka. Sawa, hela ni hela. Lakini bondi ikiwa ni ya kampuni ya maji, riba si habari kubwa. Habari iko kwa masharti, zile kurasa ambazo karibu kila mtu huziruka.

Tuanze na majirani. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, Tanzania, iliuza hatifungani ya Sh53.12 bilioni za kwao. Muda ni miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Ukiweka Sh100,000, unavuna Sh13,500 kila mwaka. Zinatoka wapi? Kwa mapato ya maji. Yaani anayelipa bili ndiye anayelipa deni.

Sasa lete mpango kama huo Nairobi. Bili yako hapo Makongeni, na ya jirani yako Kaloleni, ndiyo itabeba mkopo, na wewe hujatia sahihi popote.

Sharti la kwanza la kutafuta ni la bei. Marekani, ambako bondi hizi ni za zamani, shirika huahidi kutoza bei itakayoacha ziada baada ya gharama za kazi. Tuseme Sh125 kwa kila Sh100 za deni la mwaka huo. Mapato yakishuka, bei inapanda. Kwetu bei ya maji huidhinishwa na WASREB, na umma husikizwa. Kampuni ikishaahidi wawekezaji bei, utaenda kwa huo mkutano kusema nini?

Sharti la pili ni foleni ya pesa, na hapa ndipo mimi ningekaa sana. Kuna bondi ambapo mapato hulipa kwanza mafundi, dawa za maji na stima ya pampu, halafu mwekezaji. Kuna zingine ambapo mwekezaji yuko mbele ya wote. Bomba likipasuka Jogoo Road, tofauti ya hizo mbili utaiona kwa mfereji wako. Na yote imeandikwa kwa sentensi moja.

Sipingi bondi. Anayenunua maji ya mkokoteni tayari analipa ghali, na bei ya mtungi hupanda siku ya ukame bila kuidhinishwa na yeyote. Ningekubali bili iongezeke kidogo, mradi ukarabati utangulie kwa foleni, na masharti yataje saa ambazo kila mtaa utapata maji kwa wiki. Mwekezaji akikosa riba anaenda kortini. Mbona mimi nikikosa maji nangoja ratiba ya mgao?

Kumbuka pia Kifungu cha 212 cha Katiba: kaunti haikopi bila dhamana ya serikali kuu na idhini ya bunge la kaunti. Hapo MCA wa wadi ya Makongeni ana kura. Mwulize kama amesoma foleni ya malipo, na akuonyeshe ukurasa.