Miwa Imefika Dirishani

MPAKANI, na Nekesa Wandera

Moto wa miwa ukizuka Matayos au Nambale, katika kaunti yetu ya mpakani, watu huulizana: nani kawasha? Ni swali la haki. Kifungu cha 334 cha Kanuni ya Adhabu kinampa mchomaji wa mazao hadi miaka 14 gerezani. Nisilosikia likiulizwa barazani kwa chifu ni kwa nini miwa ile ilipandwa hatua chache tu kutoka jikoni kwa mtu.

Mashamba yetu yamegawanywa kwa wana na wajukuu, na malipo hufuata tani. Basi kila kipande hujazwa miwa, hata choo hukioni mpaka ukifikie. Ikifika Januari, majani makavu yamelala chini kama mkeka, upepo unavuma, na cheche moja ikitua kwenye paa la nyasi, mambo yamekwisha.

Wanaowasha ni wengi: mrina asali, anayesafisha shamba, mwenye kinyongo. Na tuseme ukweli, wakati mwingine ni mwenye miwa mwenyewe. Amengoja zaidi ya miezi 18, kibali cha kukata hakiji, na anajua kuwa miwa iliyoungua haiwekwi, kwani hupoteza sukari na uzito upesi. Akiichoma, huenda trekta likaja. Simtetei, lakini foleni ya kiwanda ndiyo iliyomfikisha hapo.

Anayelala nje ni jirani asiye na hata muwa mmoja. Tani zilizoungua zina daftari kiwandani. Godoro lake, mahindi ya ghalani, mbuzi aliyefungwa kambani, hatimiliki na vyeti vya watoto haviandikwi popote. Huja mjini, mtaa wa Burumba, kwa ndugu, wakabanana katika chumba kimoja cha kupanga.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya kuzima moto na kukabiliana na majanga. Lakini gari la zimamoto likitoka mjini kwa barabara ya murram, nyumba ya nyasi haliikuti. Wazimamoto siwalaumu. Ninaowalaumu ni wanaopanga bajeti wakidhani kazi ya moto huanza moto ukishawaka.

Sheria ya Sukari ya 2024 imeirudisha Bodi ya Sukari ya Kenya. Bodi ikae na kaunti na viwanda, mkataba useme wazi: hakuna miwa ndani ya mita kumi za nyumba ya mtu, iwe yako au ya jirani. Afisa wa kiwanda hupima shamba kabla ya mkataba. Apime na kutoka ukutani.

Mkulima atalalamika kwamba anapokonywa ardhi. Hapokonywi. Apande viazi vitamu pale, majani yake mabichi hayashiki moto kirahisi na jioni watoto watakula. Kaunti nayo igawe marando mvua za Machi zikianza.