Sufu ya Australia na New Zealand: Bei ya Serikali na Unene wa Uzi

Anguko la sufu, yaani manyoya ya kondoo yanayosokotwa kuwa nyuzi, huelezwa mara nyingi kwa sababu moja tu: nailoni na poliesta, nyuzi zinazotengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya petroli, ziliinyang'anya soko. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi kueleza kwa nini Australia na New Zealand, majirani walioanza kwa kumtegemea mnunuzi mmoja, Uingereza, wamefikia hali mbili zisizofanana.

Njia zao zilitengana mwaka 1882, pale meli iitwayo Dunedin, iliyofungwa mitambo ya kugandisha nyama, ilipotoka Port Chalmers na kufika London na shehena yake ikiwa bado inaliwa. Tangu hapo mfugaji wa New Zealand, nchi yenye mvua nyingi na malisho mabichi, alikuwa na sababu ya kufuga kondoo wa nyama, hasa Romney na machotara wake, ambao sufu yao ni nene. Mwenzake wa Australia, katika nyanda kavu, alibaki na merino, kondoo walioletwa huko tangu mwaka 1797. Unene huo hupimwa kwa mikroni, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya milimita: sufu ya merino kwa kawaida haifiki 24, hivyo huvaliwa bila kuwasha, ilhali ya Romney hupita 30 na huishia zaidi kwenye mazulia, mahali ambapo nailoni ya bei rahisi ilikuwa mshindani mkali kupita kiasi.

Serikali zote mbili zilijaribu kumkinga mfugaji kwa bei ya chini iliyodhaminiwa. New Zealand ilianzisha mpango wake mwaka 1978, kondoo wakafikia takriban milioni 70 mwaka 1982, kisha serikali mpya ikaanza kufuta ruzuku mwaka 1984. Australia ilikwenda mbali zaidi, kwa kuwa shirika la umma lilinunua na kuweka ghalani sufu yoyote iliyokosa bei hiyo mnadani, na mwaka 1988 bei yenyewe ilipandishwa hadi senti 870 kwa kilo. Wafugaji, kama ambavyo yeyote angefanya, waliongeza kondoo hadi takriban milioni 170, wakati Muungano wa Kisovyeti na China, wanunuzi wakubwa, wakipunguza ununuzi. Bei ilishushwa hadi senti 700 mwaka 1990, na Februari 1991 mpango ukaachwa, ukiacha marobota milioni 4.7 ambayo yalikandamiza soko kwa muda mrefu, kwa maana ya mwisho kati yake yaliuzwa mwaka 2001.

Kosa hapo halikuwa kumdhaminia mfugaji bei, bali kudhamini bei ambayo hadi mwaka 1990 ilijua kupanda tu, hata ikamficha habari ambayo soko lilikuwa likimpa. Hata hivyo, wanaousifu uamuzi wa New Zealand wa mwaka 1984 husahau jambo moja: uliponya kilimo, haukuiponya sufu. Ardhi ilihamia kwa ng'ombe wa maziwa na misitu ya misonobari, na kondoo wamepungua hadi chini ya milioni 26. Australia, iliyokosea kwa gharama kubwa zaidi, nayo imepoteza zaidi ya nusu ya kondoo wake, lakini bado ndiyo muuzaji mkuu wa sufu ya mavazi duniani, kwa kuwa inazalisha uzi ambao mtu anataka kuuvaa.

Kwa mfugaji wa Romney, mara nyingi katika miaka ya karibuni malipo ya mkata manyoya yamezidi thamani ya sufu yenyewe, naye hana budi kuyalipa, kwa kuwa kondoo asiyekatwa manyoya huelemewa na joto na kuliwa na funza wa nzi.