UCHAMBUZI: Kodi ya viwambo vya sauti yafutwa Marekani, vita sasa ni vya sajili

HATUA ya Marekani ya kufuta kodi ya viwambo vya sauti vya bunduki haijamaliza mvutano wa miaka mingi kuhusu vifaa hivyo. Imeuhamisha tu kutoka Bungeni hadi mahakamani.

Sheria ya Taifa ya Silaha ya 1934 ilimtaka raia anayenunua kiwambo alipe dola 200, achunguzwe na kusajiliwa na serikali kuu. Enzi hizo, kiasi hicho kiliwashinda wengi. Lakini hakikupandishwa kwa zaidi ya miaka 90, na mfumko wa bei ukakipunguza makali.

Watetezi wa mageuzi husema suala hili ni la afya. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, kiwango kinachoweza kudhuru masikio papo hapo, nao kiwambo hupunguza takriban desibeli 20 hadi 35. Kwa hivyo, wanahoji, mlio haupotei kama inavyoonyeshwa katika filamu.

Wapinzani wao wanakumbusha mauaji ya Virginia Beach ya Mei 31, 2019, ambapo mshambuliaji aliyetumia bastola yenye kiwambo aliua watu 12. Hoja yao ni kwamba kifaa hicho hakihitaji kunyamazisha bunduki kabisa ili kilete maafa. Yatosha kuwachelewesha watu kutambua wanachosikia na mahali kinapotoka.

Mnamo Mei 2025, Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa bajeti uliokusudia kuviondoa viwambo kabisa katika sheria hiyo. Hata hivyo, mshauri wa kanuni za Seneti, Elizabeth MacDonough, aliamua kwamba kipengele hicho hakikustahili kupitishwa kwa utaratibu wa bajeti, unaohitaji wingi mdogo tu wa kura. Chama cha Republican kikaridhia njia ya kati. Rais Donald Trump alitia saini mswada huo Julai 4, 2025, na kuanzia Januari 1, 2026, kodi ikawa sifuri. Usajili ukabaki.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mwaka wa 1937, Mahakama ya Juu iliikubali sheria ya 1934 kwa msingi kwamba Bunge lina mamlaka ya kutoza kodi. Makundi ya wamiliki wa bunduki yamewasilisha kesi yakiuliza: iwapo hakuna kodi inayokusanywa, sajili inasimama juu ya nini?

Wakifaulu, watakuwa wamepata kortini walichonyimwa katika Seneti, ingawa majimbo kama California na New York yangali na sheria zake yenyewe za kupiga marufuku viwambo. Wakishindwa, itadhihirika kwamba serikali inaweza kufuatilia kifaa bila kukitoza hata senti. Kwa vyovyote vile, dola 200 hazikuwa kiini cha ugomvi. Kilichogombewa ni haki ya serikali kujua nani anamiliki nini.