Binti Yangu au Binti Zangu?



Mzazi wa Muthetheni, Machakos, kama mzazi wa Lamu, akitoa nyumba kwa hiba, hati yake mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Hapo alama ndogo mno yaweza kuwagombanisha ndugu.

"My daughter's house" ni nyumba ya binti mmoja. "My daughters' house" ni ya mabinti wawili au zaidi. Yakitamkwa, maneno haya hayatofautiani hata kidogo. Tofauti yote imo katika mahali pa ritifaa: kabla ya s kwa mmoja, baada yake kwa wengi. Wingi usioishia kwa s, kama "children", hurudia kanuni ya kwanza: "children's".

Kiswahili chetu huisikizisha tofauti hiyo. Neno binti laweza kubaki lilivyo, awe mmoja au watano. Hapo kinachobainisha idadi ni kimilikishi: binti yangu, binti zangu. Kikamba nacho hubadili mwanzo wa jina: mwana ni mmoja, syana ni wengi. Basi mtoto aliyelelewa katika lugha hizi akisahau mkia wa neno la Kiingereza, tusimkaripie. Tumwelekeze kwa upole.

Nasi wazazi, tusitie sahihi hati tuliyosomewa tu. Tuitazame kwa macho, au tumpe msomi wa nyumbani aitazame, na majina ya wanaopewa yaandikwe yote, moja baada ya jingine.